Mayai ya Bi Kanga: Yapo au Hayapo?

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa pale mlangoni, mmeitikia au mmepiga miayo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Hapo zamani za kale, wakati Pundamilia bado anajitazama majini asijue rangi ipi ilitangulia, paliondokea ndege mmoja, jina lake Bi Kanga. Mwenye madoa yake, mwenye shingo yake, mwenye sauti yake ya kekekekeke, ikianza asubuhi hata mawe yanaamka. Bi Kanga huyo alitaga mayai tisa. Aliyataga chini ya mkwaju, kwenye kishimo alichokichimba kwa kucha zake mwenyewe, akayakalia. Akayakalia siku moja. Akayakalia siku ya pili. Akayakalia hadi manyoya ya kifuani yakanyonyoka, kifua kikabaki kitupu kama kiganja. Kila siku ikipita, alichora mstari mchangani kwa ukucha. Mistari ikafika ishirini na sita.

Mume wake? Msiniulize. Siku hizo alionekana sana upande wa kule kwa kina Kwale, na mimi simo.

Sasa, Bi Kanga alikuwa na majirani watatu.

Wa kwanza, Mzee Kobe. Mzee Kobe alikuwa na jambo moja kichwani: kwamba dunia ni yeye. Akitoa kichwa, dunia inawaka. Akiingiza kichwa, dunia inazimika, pu! Miti hakuna, mbingu hakuna, majirani hakuna. "Mnaishi kwa hisani yangu," aliwaambia kila siku. "Nikichelewa kuamka, nyote mnachelewa kuwepo."

Wa pili, Fuko. Fuko macho hana, au anayo ya kuhesabiwa tu. Yeye alisema kilichopo ni kile kinachogusika. Ukikigusa, kipo. Ukikiachia, kimekwisha. "Mbingu?" alisema. "Mbingu gani? Nani ameishika? Nileteeni kipande."

Wa tatu, Popo, aliyening'inia kwenye tawi la mkwaju ule ule, miguu juu, kichwa chini. Popo alikuwa na ukelele wake, "Tii!" Akiupiga, anasikiliza unavyorudi. Ukirudi mpana, ni mti. Ukirudi mdogo, ni nzi. Akakaa, akawaza, akakata shauri kwamba hakuna mti wala nzi. "Kuna sauti yangu tu," alisema. "Inakwenda, inarudi. Nyie nyote ni sauti yangu ikirudi nyumbani."

Hao watatu walibishana toka kunakucha hadi kunakuchwa.

"Wewe nimeshakuzima!"

"Umenizima vipi, na nakujibu?"

"Hunijibu. Najisikia mwenyewe."

"Basi niguse!"

"Sikugusi."

"Basi hupo!"

"Tii! Nyamazeni, sauti zangu!"

Wasomi wana jina la maneno hayo. Mimi nayaita maneno ya walioshiba, maana Mzee Kobe akiona tango la mwituni hakuwahi kuliuliza kama lipo. Alilitia mdomoni, nywa nywa nywa, halafu ndiyo akarudi kwenye hoja. Bi Kanga aliliona hilo. Alikuwa akigeuza mayai yake kwa mdomo, moja moja, taratibu, huku akiwasikiliza na kucheka kimoyomoyo. Alidhani wanasema tu. Kumbe wenzake wanaamini!

Ikaja kiangazi. Lo, kiangazi! Vidimbwi vya karibu vikakauka, tope likapasukapasuka. Maji yakabaki mtoni, mbali, mwendo wa kwenda alfajiri na kurudi alasiri. Wanyama wote wakawa wanahama mchana kutwa kwenda kunywa. Bi Kanga hakwenda. Siku ya kwanza hakwenda. Siku ya pili hakwenda. Siku ya nne ulimi ukawa mgumu kama kipande cha ngozi, akisema keke, inatoka ke.

Asubuhi ya mstari wa ishirini na saba akasema, "Nisipokunywa leo nitafia juu ya mayai, na mayai hayaatamiwi na maiti." Akatazama huku na huku. Nani amebaki kijijini? Watatu wale wale. Kobe anakunywa mara moja kwa mwezi. Fuko ananyonya mizizi. Popo anangoja jua litue. Wengine wote wamekwenda.

"Majirani zangu," Bi Kanga akasema, "nawaombeni. Nilindieni mayai. Mzee Kobe, wewe toka sasa mpaka jua lipande. Fuko, wewe adhuhuri. Popo, wewe mpaka nirudi. Mayai mangapi haya?"

"Tisa," akasema Mzee Kobe.

Fuko akayapapasa. "Tisa."

Popo akapiga, "Tii! Tisa."

Unaona? Hapo wote walikubaliana! Bi Kanga akapiga mbawa, pu-pu-pu-pu, akakimbia njia ya mtoni, anageuka nyuma, anakimbia, anageuka nyuma.

Akafika mtoni. Akanywa. Akanywa tena. Hakuoga, hakuongea na mtu, na nyie mnajua kutoongea kwa kanga ni kazi ya namna gani. Akageuza. Alasiri akafika chini ya mkwaju, anatweta, he, he, he.

Akatazama kwenye kishimo. Akakuta mawe matatu.

Mawe! Ya duara, meupe, yamepangwa vizuri, na yai hata moja hakuna.

"Popo!" Bi Kanga akapiga ukelele. "Mayai yangu yako wapi?"

"Hayo hapo," akasema Popo kwa utulivu. "Nilipokea matatu, nimelinda matatu. Tii! Duara. Tii! Duara. Tii! Duara. Tena leo nimepata mwanafunzi, Bi Kanga! Bwana Kenge alikuja. Akaniuliza, 'Ustadhi, je, yai na jiwe, vikirudisha sauti moja, tofauti yake nini?' Nikamwambia hakuna. Akasema, 'Ustadhi, hajawahi kutokea mwenye akili kama wewe.' Halafu akawa anashughulikashughulika pale chini. Kijana msikivu sana."

"Haya ni mawe!"

"Sauti ni ile ile."

"Jiwe halitoi kifaranga, wewe mwenye kichwa chini!" Bi Kanga akageuka. "Na kwa nini ulipokea matatu? Fuko! Fuko, toka!"

Udongo ukafutuka, fu! Fuko akachomoza, pua mbele, amejaa furaha.

"Bi Kanga, pongezi nipe mimi! Leo nimethibitisha! Nilipokea mayai sita, nikayashika kwa mikono miwili, sikuyaachia. Akaja Bwana Kenge. Akasema, 'Mwalimu, nimekubali, kisichogusika hakipo. Lakini mwalimu, nani anagusa shimo lako sasa hivi?' Bi Kanga, moyo ukanilipuka! Shimo langu! Vyumba vinne, na ghala la mizizi! Nikakimbia nikaliguse kabla halijaisha. Nikaligusa lote, ukuta kwa ukuta. Niliporudi, mayai matatu. Umeelewa? Niliyaachia, yakaacha kuwepo! Ndivyo nilivyosema siku zote, hakuna aliyenisikiliza ila Kenge."

Bi Kanga kichwa kinamzunguka. "Ulipokea sita. Kwa nini sita? Mzee Kobe!"

Mzee Kobe akatoa kichwa, polepole, kama anayewafanyia fadhila.

"Ah, umerudi kuwepo," akasema. "Mwanangu, alikuja Kenge hapa asubuhi. Heshima zake! Akapiga goti. Akasema, 'Mzee wangu, nasikia ukiingiza kichwa dunia inazimika. Naomba nione, nife nimeona.' Miaka yote hii, nani kati yenu aliniomba kuona? Nikaingiza. Nikamuuliza, 'Imezimika?' Akasema kwa sauti ya mbali, 'Giza tupu, Mzee! Usitoe! Acha nifaidi!' Nikamwachia afaidi."

"Alikusemesha vipi kama dunia imezimika?"

Mzee Kobe akafumba jicho moja. "Hilo sikulitazama. Nilipoiwasha tena, ilirudi na mayai sita. Hutokea. Siku nyingine inarudi bila mawingu, mbona hulalamiki?"

Basi hapo Bi Kanga hakungoja. Akapiga mbio kuzunguka mwamba, na nani yuko juu ya mwamba, amejinyoosha juani? Bwana Kenge! Yule yule ambaye mkewe amerudi kwao mara mbili, na mara zote mbili sababu ilikuwa tumbo. Siku hiyo tumbo lenyewe lilikuwa na vinundu. Bi Kanga akahesabu. Kimoja, viwili, vitatu... tisa. Maana kenge hatafuni, wajameni. Kenge humeza zima zima, glup, kisha hulala juani ngozi imsaidie kazi.

"Kekekekekeke!" Bi Kanga akapiga yowe, na safari hii ikatoka nzima. "Mwizi! Mwizi wa mayai! Barazani! Barazani sasa hivi!"

Wanyama ndiyo kwanza wanarudi kutoka mtoni, miguu vumbi. Wakasikia yowe. Wakakusanyika kwenye kichuguu cha Mhanga.

Mhanga ndiye aliyekuwa hakimu wao. Kwa nini Mhanga? Kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kulala kwenye shimo lililochimbwa naye, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumnyima cheo. Ubaya wake mmoja: Mhanga anachimba usiku kucha. Mchana, kesi ikiwa ndefu, masikio yanaanguka, puani inatoka khroooo.

Na baraza lile lilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: jambo halihukumiwi mpaka vinywa vitatu viseme lipo. Si viwili, vitatu. Ya pili: mdai akishindwa, atamwimbia mshtakiwa wimbo wa kumtaka radhi, mbele ya watu wote, ndipo waondoke.

"Mdai, sema," akasema Mhanga, akipiga miayo, haaaa.

"Mayai yangu tisa yameliwa na Kenge," akasema Bi Kanga. "Ndiyo hayo tumboni. Leo ni siku yao ya ishirini na saba. Kila dakika inayopita wanangu wanapikwa. Namwomba ayatapike!"

"Mashahidi?"

Bi Kanga akawatazama majirani zake watatu. Ndio peke yao waliokuwepo. 

"Mzee Kobe," akasema hakimu, "mayai ya Bi Kanga yapo?"

"Kwa sasa kichwa changu kiko nje," akasema Mzee Kobe, "dunia yote imewaka, na mayai siyaoni. Nasikitika. Hayapo."

"Fuko?"

Fuko akanyoosha mikono, akapapasa hewa. "Nagusa... hewa. Hewa... hewa... samahani, Bi Nyati. Mayai siyagusi. Hayapo."

"Popo?"

"Hayakuwahi kuwepo," akasema Popo. "Lakini na Bi Kanga hajawahi kuwepo, kwa hiyo hajapoteza kitu."

"Nyie!" Bi Kanga akaruka juu. "Asubuhi mlihesabu tisa! Wote watatu!"

"Asubuhi ilikuwa asubuhi," akasema Mzee Kobe.

Kenge akasimama. Akasimama kwa shida, maana uzito. Akainama huku, akainama huku, akatoa ulimi, flik flik.

"Mheshimiwa Hakimu. Mabibi na mabwana. Nawapenda. Mimi sibishani na mtu. Mzee Kobe anasema dunia iko kichwani mwake, kweli! Fuko anasema iko mikononi, kweli! Popo anasema iko sautini, kweli tupu! Bi Kanga anaona mayai tumboni mwangu. Nani mimi nimkatalie? Kwake yeye yapo. Kwangu mimi hayapo. Kila mtu na ukweli wake. Mbona tugombane?"

"Tumbo lako lina vinundu tisa!" akapiga kelele Digidigi kutoka nyuma.

"Vinundu ni jicho lako, ndugu yangu. Mimi naliona bapa."

 Halafu, wajameni, wazimu ukaingia.

Ulianza kwa Twiga. Twiga akasema polepole, "Hivi... mimi miguu yangu sijaiona toka juzi. Bado ipo?" Akajaribu kuinama atazame, akamkanyaga Ngiri. "Umenikanyaga!" "Kwa hiyo ipo?" "Kwangu ipo!" "Na kwangu je?" Pundamilia akaanza kuzunguka mahali pamoja anafukuza mgongo wake, anauliza watu kama yeye ni mweupe aliyechorwa mweusi au mweusi aliyechorwa mweupe. Nyani akashika mkia wake kwa mikono miwili, akakataa kuuachia. Nyati wawili wakaanza kuulizana ni yupi kati yao anamuota mwenzake, wakakasirika, kwa maana kila mmoja alitaka kuwa mwotaji. Sungura akakopa mawazo ya Kobe, akafumba macho, akajigonga kwenye mti, ti! Akafumbua akasema, "Huu mti una kiburi." Vumbi! Vicheko! Makelele! Fuko anamgusa kila mtu kuwahesabu wasiishe. Popo juu, "Tii! Tii! Nyamazeni, mnanirudia vibaya!"

Na katikati ya hayo yote, Mhanga amelala. Khroooo.

Bi Kanga akasimama peke yake. Kwa mara ya kwanza, na yeye kikamwingia kitu. Akajiuliza, je, ni kweli? Huenda nilikalia ndoto siku ishirini na saba? Wengi hivi, wasomi hivi, wote wakosee, nipatie mimi kanga? Akainamisha kichwa. Akaona kifua chake. Kitupu, chekundu, hakina hata unyoya. Upepo ukakipuliza, akahisi baridi.

"Ndoto," akajiambia, "haimnyonyoi mtu manyoya."

Shingo ikanyooka.

"Hakimu!" akaita. "Hakimu Mhanga, amka!"

"Hm? Ndiyo. Nimesikia yote," akasema Mhanga, sikio moja juu, moja chini. "Vinywa vitatu vimesema hayapo. Kesi haipo. Twendeni tukale."

"Nimekubali," akasema Bi Kanga.

Watu wakashangaa. Hata Kenge akapepesa macho.

"Nimeshindwa. Mayai hayapo. Tumbo la Bwana Kenge ni tupu. Sasa nipeni haki yangu ya aliyeshindwa. Naomba nimwimbie radhi."

"Hiyo ni sheria," akasema hakimu.

"Haina haja, haina haja," akasema Kenge, akirudi nyuma kidogo. "Nimeshasamehe."

"Sheria!" wakasema wote. Kucheka walishacheka, sasa walitaka na ngoma.

Bi Kanga akasogea. Akaja mpaka mbele ya lile tumbo, karibu kabisa. Hakuinua sauti. Aliimba kwa sauti ile ya chini, ya kooni, ambayo mama wa kanga hawaimbii mtu mwingine yeyote. Na nyie mwitikie kekeke, tumsaidie.

*Wanangu wa madoa, kekeke,*
*mama yenu amerudi, kekeke,*
*kama mpo nijibuni, kekeke,*
*kama hampo nyamazeni, kekeke.*

Kimya.

Kenge akatabasamu. "Wimbo mzuri. Basi, tumemaliza."

*Wanangu wa madoa, kekeke,*
*kumekucha tokeni nje, kekeke,*
*kama mpo nijibuni, kekeke,*
*kama hampo nyamazeni, kekeke.*

"Pii."

Baraza zima likageuza masikio.

"Ni njaa," akasema Kenge haraka. "Tumbo likiwa tupu hulia."

"Pii! Pii-pii!"

"Njaa kali!"

"Mzee Kobe!" Bi Kanga akaita. "Zima dunia! Izime, baba, tuone kama kitu hiki kitazimika!"

Mzee Kobe akaingiza kichwa, pu. Wakangoja. "Pii," likasema tumbo. Wakangoja. "Pii, pii." Kichwa cha Mzee Kobe kikatoka chenyewe, kinatetemeka, macho yamemtoka kama tini.

"Nimeizima," akanong'ona. "Nimeizima yote. Na bado kinalia humo ndani!"

"Fuko! Njoo uguse!"

Fuko akaja anapapasa, akaweka kiganja kwenye kinundu cha kwanza. Tk! Akatoa mkono. Akaurudisha. Tk-tk! "Inanidonoa! Mimi ndiye naigusa, mbona nayo inanigusa? Nikiitoa mikono... inadonoa peke yake! Ngozi inaruka, sikilizeni!"

"Popo! Piga!"

Popo akashuka tawi kwa tawi, akavuta pumzi. "Tii!"

"Pii!" likajibu tumbo.

Popo akatega masikio upya.  "Nimesema tii," akasema taratibu. "Nasema tena. Tii!"

"Pii!"

"Hiyo si sauti yangu," akasema Popo, mbawa zimemlegea. "Sauti yangu ingerudi tii. Huyu... huyu ni mtu mwingine!"

Kenge akaanza kurudi kinyumenyume. "Ndugu zangu, tusiharakishe. Kwenu yapo, kwangu mi... aaaii!"

"Nini?"

"Hakuna. Kwangu mimi hay... aaaaii! Wananidonoa! Aaaii, mama yangu, wote tisa!"

"Pole, Bwana Kenge," akasema Bi Kanga. "Unaumwa?"

"Naumwa!"

"Maumivu yapo? Au ni jicho letu?"

"Yapo!"

"Kwako tu, au hata kwetu?"

"Yapo kwangu, yapo kwenu, yapo kwa kila mtu! Yapo, yapo, yapo kabisa!"

"Yapo!" akasema Mzee Kobe.

"Yapo!" akasema Fuko.

"Yapo!" akasema Popo.

"Vimetimia vitatu," akasema Mhanga, na leo hii hakuwa na usingizi hata chembe. "Tena na cha nne cha mwizi mwenyewe. Tapika!"

Nyati akamshika Kenge mkia, Ngiri akamkalia shingoni, Nyani akauachia mkia wake mwenyewe kwa mara ya kwanza akamfinya mbavu. Bweu! Likatoka moja. Bweu! La pili. Bweu, bweu, bweu! Mengine yametoboka, mengine yamepasuka nusu, kichwa kimeshachomoza. Bi Kanga anahesabu kwa sauti, machozi yanamtoka, anacheka: sita, saba, nane... Akangoja. Baraza lote likangoja.

Bweu!

Tisa. Wa mwisho alitoka na ganda kichwani kama kofia, akasimama, akaanguka, akasimama, akasema "Pii," na huyo huyo akatimka kwenda kudonoa kidole cha mguu cha hakimu.

Kenge aliondoka kijijini jioni hiyo hiyo, tumbo bapa kweli kweli, na sasa kila mtu aliliona bapa. Mkewe alipata habari. Hakurudi.

Mnadhani wale watatu walijifunza? Ah! Kabla vumbi halijatua, Mzee Kobe alikwishaanza. "Mmeona nilivyowawaza vizuri? Tisa, kamili, na miguu." Fuko akasema, "Wamepatikana kwa kuguswa. Nani aliwagusa wa kwanza?" Popo akasema yeye ndiye aliyewaita, wao wakajibu, kwa hiyo heshima ni ya sauti. "Wewe!" "Mimi!" "Tii!" Wakaondoka hivyo hivyo wanabishana, mmoja hewani, mmoja juu ya ardhi, mmoja chini yake.

Bi Kanga hakubishana nao. Vifaranga walikuwa na njaa. Akaanza kuparua, kwaru kwaru, mchwa wakatoka, vifaranga wakala, na hakuna aliyeuliza mchwa ni nini.

Ila yule wa tisa, yule mwenye kofia, hakutulia. Akamfuata Mzee Kobe kwa nyuma. Mzee Kobe alipomwona akaingiza kichwa, amzime. Kifaranga akasogea, akagonga gamba, tk tk tk.

"Hodi! Kuna mtu humo?"

"Hakuna!" ikajibu sauti ya Mzee Kobe kutoka ndani.

"Aa," akasema kifaranga. "Basi mwambie akirudi, mama anawagawia wote mchwa, na hata yeye ana fungu lake."

Kichwa kikatoka mara moja.

Nyie wakubwa mnaocheka na nyie wadogo mnaosinzia, neno lake ndilo hili: kilichopo kipo, ukikiona usikione, ukikigusa usikiguse, kikuitikie kisikuitikie. Hakingoji ruhusa yako. Na mtu akikuambia kwa maneno matamu kwamba kitu chako hakipo, usimtazame mdomo, mtazame tumbo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeitua chini, atakayeikanyaga atajua kwamba ipo.